Je, Windows Itapitwa? Neno kwa Ofisi na Shule za Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliwaka kama jana yake, na ndiyo maana wengi hawakushtuka. Lakini tangu hapo kila tundu jipya linalogunduliwa katika mfumo huo linabaki wazi kwa yeyote ambaye hakujiandikisha kupata muda wa nyongeza. Na Windows 11 haipokei kila mashine. Inataka kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya kazi (RAM) isiyopungua GB 4, na kwa prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel inaanzia, kwa kawaida, kizazi cha 8. Sasa pita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba pale Mwanjelwa, au ingia maabara za shule za sekondari kuanzia Tunduma mpaka Mafinga. Utakuta kompyuta za OptiPlex na EliteBook zilizokwisha kutumika ng'ambo, za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Kazi zinapiga vizuri tu, ila Windows 11 haizitaki.

Kwa sababu hiyo walimu wakuu, wahasibu na wenye steshenari wanaokuja kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mbeya wanauliza jambo moja: je, huu ndio wakati ambao Linux, Mac au mfumo mwingine utaipiku Windows, nasi tuhame mapema? Nitoe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kwenye kompyuta za mezani, Windows haitapitwa hivi karibuni. Hata hivyo, ofisi na shule nyingi za mikoa yetu hazina haja ya kungoja ipitwe ndipo ziiache. Sehemu kubwa ya kazi zao haitegemei tena Windows. Hakuna tu aliyekaa akazichambua moja moja.

Mfumo endeshi ni ile programu mama inayosimamia prosesa, diski, skrini na printa, na kuzipa programu nyingine mahali pa kufanyia kazi. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo. Haikushika nafasi ya kwanza kwa sababu ya ubora peke yake. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, mfumo wake ulitoka Microsoft, lakini Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine. Hapo ndipo mambo yalipoamuliwa. Makampuni yaliyoiga mashine ya IBM yote yalihitaji mfumo uleule, na Windows 95 ilipotoka Agosti 1995 ilikuta njia imeshafyekwa. Mwandishi wa programu mwenye fedha za kuandika toleo moja tu aliandika la Windows, kwa kuwa huko ndiko waliko wanunuzi. Mnunuzi naye alichukua Windows, kwa kuwa huko ndiko ziliko programu.

Sisi tunaoishi kando ya TAZARA tuna mfano wa jambo hili. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,067, na Reli ya Kati ile ya zamani ina milimita 1,000. Behewa la TAZARA likifika Kidatu haliwezi kuendelea kwenye Reli ya Kati hata kama reli zote mbili ni nzima. Mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows ni behewa la upana wake, na Mac au Linux ni reli imara ya upana mwingine.

Ndiyo maana washindani wazuri walianguka. IBM yenyewe ilikuwa na OS/2, mfumo uliosifiwa na mafundi wengi, na haukufika popote kwa watu wa kawaida. BeOS iliyowavutia wapenzi wa muziki na video iliishia kuuzwa kwa kampuni ya Palm mwaka 2001. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, jaji Thomas Penfield Jackson aliandika Novemba 1999 kwamba wingi wa programu zilizoandikwa kwa Windows ni kizuizi kikubwa kwa mfumo wowote unaotaka kuingia sokoni. Kizuizi hicho kipo mpaka leo, japo kimepungua urefu.

Hapa kwetu kipo kingine kisichozungumzwa sana. Linux ni bure. Ulaya neno hilo lina uzito kwa sababu ofisi inalipia leseni. Huku mtu anapokwenda kupigiwa Windows, anachomlipa fundi ni ujira wake tu. Fundi anachomeka flashi, anaweka nakala iliyovunjwa kufuli la leseni, anaongeza Office na Photoshop za namna hiyohiyo, na mteja anaondoka ameridhika. Machoni pa mteja huyo mifumo yote miwili ina bei moja. Basi kwa nini achague asioujua? Ungedhani nakala hizi zinaiumiza Microsoft, kumbe ndizo zilizowanyima washindani wake silaha yao kubwa katika nchi kama yetu.

Gharama ipo, ila inakuja baadaye na inamwangukia asiyejua ilikotoka. Programu ndogo ya kuvunja kufuli mara nyingi humtaka fundi azime kwanza kinga ya virusi. Masasisho nayo huzimwa ili kufuli lisirudi. Kisha mwanafunzi anachomeka flashi kwenye mashine hiyo kuchapisha utafiti wake wa mwaka wa tatu, na akifika chumbani anakuta mafolda yamefichwa na pamebaki vialama visivyofunguka. Haya si ya kubuni. Wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa wanayafahamu. Kirusi cha WannaCry kilichozuia kompyuta duniani kote Mei 2017, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi mwaka huohuo. Walioathirika walikuwa hasa wale ambao hawakusasisha. Taasisi ya umma inayotumia nakala za namna hii inajiweka katika hatari hiyo kwa hiari yake, na juu ya hapo inavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Tuje kwa washindani wenyewe. Mac ni mfumo mzuri, na tangu mwaka 2020 Apple inaziwekea mashine hizo prosesa zake yenyewe zinazotunza chaji vizuri sana. Lakini macOS inauzwa ndani ya mashine za Apple tu. Mfumo ambao hauwezi kuwekwa kwenye kompyuta ya mtengenezaji mwingine hauwezi kuchukua nafasi ya kwanza katika soko linaloishi kwa mtumba. ChromeOS ya Google, iliyoanza kuuzwa ndani ya kompyuta mpakato mwaka 2011, imeenea sana katika shule za Marekani. Nguvu yake iko kwenye intaneti, na shule ya Makete au Ludewa inayonunua bando kwa kujibana haitafaidi nusu ya nguvu hiyo.

Linux ndiyo yenye habari ndefu. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ilituma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Leo kompyuta kuu 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux, zote, tangu Novemba 2017. Kiini chake ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android. Kwenye meza za kawaida ndiko inakosuasua. Kwa vipimo vya Statcounter, ambavyo huhesabu kurasa za intaneti zinazofunguliwa, ilivuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani kwa mara ya kwanza Februari 2024. Windows ilikuwa bado juu ya asilimia 70.

Takwimu hizo zisitukatishe tamaa wala zisitupe haraka. Mfano wa taasisi mbili za Ulaya unafundisha zaidi. Jiji la Munich nchini Ujerumani lilihamisha kompyuta zake zipatazo 15,000 kwenda Linux, likamaliza mwaka 2013, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows, baada ya malalamiko ya watumishi, ugumu wa kubadilishana nyaraka na ofisi za nje, na siasa za jiji. Jeshi la polisi la Gendarmerie la Ufaransa lilishika njia nyingine. Lilianza mwaka 2005 kwa kubadilisha programu tu, watumishi wakazoea OpenOffice ya kazi za ofisi na Firefox ya kufungulia intaneti wakiwa bado ndani ya Windows. Kuhamia Ubuntu kulianza mwaka 2008, na kwa askari aliyekwisha kuzoea programu zilezile mabadiliko yalikuwa madogo. Makumi ya maelfu ya kompyuta zake yamehamia na hayakurudi. Ningependa kila ofisa TEHAMA wa halmashauri zetu aujue utaratibu huo.

Kinachoipunguzia Windows nguvu kweli si mfumo mwingine wa mezani. Ni simu na kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Machi 2017, kwa vipimo vya Statcounter, Android iliipita Windows kwa matumizi ya intaneti ya vifaa vyote kwa pamoja, na Afrika ilichangia kwa sababu wengi wetu tuliingia mtandaoni kwa simu bila kupitia kompyuta. Kisha angalia ofisi zetu wenyewe. Mhasibu anafungua MUSE, ofisa ununuzi anafungua NeST, mtumishi anaomba likizo kupitia ESS. Mifumo hiyo ya serikali yote inafunguka kwenye kivinjari. Mtu akiifungulia kwenye Firefox ndani ya Linux, haoni tofauti. Miaka 20 iliyopita kila mfumo kama huo ungekuja na programu yake ya Windows kwenye CD.

Yapo yanayobana bado, na si haki kuyaficha. Fundi wa ramani anayeishi kwa AutoCAD, steshenari inayotengeneza kadi za harusi kwa CorelDRAW na Photoshop, duka linalotunza hesabu kwenye Tally, ofisi yenye jedwali la Excel lililojaa makro (amri zinazojiendesha), mashine ya alama za vidole iliyokuja na draiva (programu ya kuiunganisha na kompyuta) ya Windows peke yake: hawa wabaki. Wakinunua, watafute mashine inayopokea Windows 11 na walipie leseni. Taasisi isiyoweza kununua mwaka huu inaweza kulipia masasisho ya nyongeza ya Windows 10 kwa miaka isiyozidi 3, bei ikipanda maradufu kila mwaka. Kwa mtu binafsi aliyejiandikisha, nyongeza iliyotangazwa inafika Oktoba 2026.

Kwa maabara za shule msimamo wangu ni tofauti kabisa. Shule yenye kompyuta za mtumba zilizokataliwa na Windows 11 isizitupe, na isikubali kuendelea na nakala zilizovunjwa kufuli. Linux Mint, toleo jingine la Linux, inaenda kwenye RAM ya GB 2, na kwa GB 4 inatembea kwa raha. Toleo lake la 22 litapata masasisho hadi mwaka 2029. Badilisha diski ya zamani uweke SSD ndogo, yaani diski ya kisasa yenye kasi, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka itakushangaza. Weka LibreOffice kwa ajili ya barua na jedwali, weka GeoGebra kwa ajili ya hisabati, weka Kiwix ili wanafunzi wasome Wikipedia, hata ya Kiswahili, bila bando.

Walimu hunieleza wasiwasi wao: mtoto akitoka hapa atakutana na Windows kazini. Ni kweli, na kama shule ina mashine chache zenye Windows halali, ziachwe zitumike. Lakini anayejua kupanga barua, kutengeneza jedwali lenye fomula na kutunza mafaili kwa utaratibu atahama kutoka LibreOffice kwenda Microsoft Office kwa siku chache. Anayejua tu kitufe kilipo hupotea kila toleo jipya linapotoka. Na lugha isisahaulike. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, jambo lililowezekana kwa sababu msimbo wa programu hiyo ulikuwa wazi kwa kila mtu. Haikuenea, nami naona sababu ni ileile niliyoitaja: mafundi hawakuwa nayo kwenye flashi zao. Vyuo na VETA vikiwafundisha vijana kuweka Linux na kurekebisha printa yake, mteja atakuwa na wa kumpigia simu.

Anayetaka kujaribu asianze kwa kufuta kitu. Nakili kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje. Linux Mint na Ubuntu zinaweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows iliyomo. Humo jaribu sauti, WiFi na hasa printa na skana. Nyaraka za zamani zikifunguliwa zikaonekana zimesogea, mara nyingi kosa ni la fonti: weka Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria, zina vipimo vilevile vya herufi. Nyaraka za kutia saini zitumwe kwa PDF.

Ofisi nayo ihamishe kompyuta moja tu kwanza, na isiwe ile ya stoo isiyotumika. Iwe ya mtu mwenye kazi nyingi, aliyekubali kwa hiari yake, na ipite naye mwisho wa mwezi mzima: mishahara, taarifa za robo mwaka kama zimeangukia hapo, uchapishaji, barua za dharura za saa kumi jioni. Kila anapolazimika kurudi kwenye mashine ya Windows, aandike kazi gani imemrudisha. Orodha hiyo ndiyo itakayowaambia ni meza zipi zihame na zipi zibaki.