Je, wajua kwa nini faili la vipimo hubaki tupu huku skrini ikionyesha kila kitu?

Ukiendesha kwenye terminali ya Linux (dirisha la kuandikia amri) programu ya kupima joto la prosesa, kila baada ya sekunde 5 unaona mstari mpya. Elekeza matokeo hayohayo kwenye faili, na huenda zikapita dakika 10 faili likiwa bado na baiti 0. Kisha mistari zaidi ya mia inaingia kwa mkupuo.

Mimi nilikutana na jambo hili kwenye kompyuta ya duka la steshenari la ndugu yangu, Kirumba, Mwanza, iliyokuwa ikizimika yenyewe mchana wa jua kali. Faili la vipimo vya joto lilipobaki tupu, niliamini kihisi cha joto kimechoka. Nikafungua mashine, nikasafisha feni, nikapaka upya dawa ya prosesa. Faili likabaki tupu, nikaigeukia diski. Kumbe ushahidi ulikuwa mbele yangu tangu mwanzo: kama kihisi kingekuwa kibovu, hata skrini isingeonyesha kitu. Diski nayo haikuchelewa, ilikuwa haijaletewa chochote. Wengine husema programu imeganda, nayo haijaganda hata kidogo. Kipimo kimechukuliwa na mstari umetungwa, ila umewekwa kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe, mahali paitwapo bafa.

Tuliovuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, tunaielewa bafa vizuri. Kivuko hakivuki kwa ajili ya bajaji moja, kwa sababu safari inakula mafuta yaleyale, mzigo uwe mdogo au mkubwa. Programu nayo haiandiki kwenye faili kwa mkono wake, huiomba keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, na kila ombi lina gharama hata likiwa la herufi moja. Kwa hiyo maktaba ya C, msimbo wa pamoja ambao programu nyingi huutegemea, hupakia kwanza. Kivuko chake kwa kawaida hubeba baiti 4096. Mstari ukiwa na baiti 32, inahitajika mistari 128 kukijaza. Kwa mstari mmoja kila sekunde 5, hiyo ni dakika 10 na sekunde 40.

Linalonivutia zaidi ni kwamba maktaba hiyo hutazama kwanza ng'ambo kuna nani. Ikikuta terminali, inajua kuna mtu anasubiri, basi inavusha kila mstari unapokamilika. Ikikuta faili, au bomba linaloelekea programu nyingine, inasubiri kujaa. Aliyeandika programu huenda hakuandika neno hata moja kuhusu hilo. Ujumbe wa makosa peke yake ndio unaopita darajani: haupakiwi popote, unakwenda papo hapo.

Dawa ni kuanza amri na `stdbuf -oL`, inayolazimisha kila mstari uvuke ukikamilika. Kama katikati kuna `grep`, programu ya kuchuja mistari, iongezee `--line-buffered`, maana nayo ina kivuko chake. Hata hivyo `stdbuf` haifui dafu kwa programu inayojipangia bafa yenyewe, wala kwa iliyoundwa bila kutegemea maktaba ya nje. Programu ya Python iendeshe kwa `python -u`. Na programu inayopima mara moja ikamaliza, kama `sensors`, haina shida hii hata ukiirudia kwenye kitanzi, kwa sababu programu ikimaliza salama hushusha mzigo wote. Ukiikatisha kwa Ctrl-C bila yenyewe kujiandaa, yaliyomo kwenye bafa yanapotea.

Lakini mstari kuvuka hadi kwenye keneli si sawa na kufika kwenye diski. Keneli ya Linux kwa kawaida inaweza kuushikilia kwa sekunde 30 hivi kabla ya kuuandika. Kwa mashine inayozimika ghafla, sekunde hizo za mwisho ndizo hasa tunazozitafuta, na hapo `stdbuf` haitoshi: baada ya kila kipimo mstari lazima usukumwe hadi kwenye diski, kwa mfano programu yenyewe ikiita `fsync`, ombi la kuandika diskini papo hapo.