Idhini ya mdhibiti si dhamana ya pesa zako

"Wakili, si CMA wameidhinisha hisa hizi ziuzwe? Basi pesa ziko salama." Maneno haya, kuhusu Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) inayosimamia uuzaji wa hisa, nimeyasikia harusini, matangani na kwenye vikao vya chama, na kila mara lazima nianze somo upya. Kabla ya kuhamia upande wa udhibiti nilikuwa wakili wa makampuni hapa Nairobi. Nyaraka za kuuza hisa nilikuwa nikiziandika; siku hizi nazisoma.

Mamlaka hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya 1989, haikuhakikishii faida. Inakagua kama umeambiwa unayostahili kuambiwa: hesabu zilizokaguliwa, madeni, kesi zilizo mahakamani, wakurugenzi na maslahi yao, na pesa zitakazochangwa zitatumika wapi. Waraka wenyewe wa kuuza hisa hutamka kwamba idhini isichukuliwe kuwa ishara ya ubora wa kampuni wala wa hisa zake. Msomaji huruka hapo, akaenda moja kwa moja kwenye tarehe ya mwisho ya kutuma maombi.

Chukua Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, idhini zote zikiwepo. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa imeanguka chini ya hiyo 5, na waliokopa benki ili wanunue walibaki kulipa mkopo. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40. Idhini ilikuwa ile ile siku zote hizo! Mdhibiti hapangi bei, na bei ikishuka hakurudishii chochote.

Ushauri wangu, ambao mawakili vijana ninaowafunza wameuchoka: anza na sura ya waraka inayoeleza hatari, halafu ya matumizi ya pesa. Ukikuta fungu kubwa linakwenda kulipa madeni ya zamani, uliza wanaodai ni akina nani. Picha za mwenyekiti akitabasamu utaziangalia baadaye.

Kuna pacha wa dhana hii, naye ndiye anayewafilisi watu: "Lakini kampuni imesajiliwa." Cheti cha usajili, kile kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kinathibitisha kwamba kampuni ipo, basi. Hakiipi ruhusa ya kuwekeza pesa za watu. Hiyo ni leseni, na orodha ya walio nayo iko kwenye tovuti ya Mamlaka, bure. Iangalie kabla hujatuma M-Pesa.

Mengine niyapitie haraka. Eti sasa mimi ni wakili wa wawekezaji: hapana, siwezi kukuandikia barua ya madai, leta malalamiko na risiti, na ukitaka wa kukuwakilisha, ajiri wakili wako. Eti mdhibiti hufunga watu jela: hutoza faini na kufuta leseni, lakini mashtaka ya jinai ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Eti bima ya amana ya shilingi 500,000 hufidia hisa: ile ni ya amana za benki. Eti nawakinga wateja wangu wa zamani: faili lao likifika natangaza maslahi, linakwenda kwa mwenzangu.

Na wanaosema nilifuata marupurupu serikalini, wawaulize washirika wakuu wa kampuni za mawakili kule Upper Hill wanagawana kiasi gani Desemba.