Majina ya vifaa kwenye Linux: dhana potofu na ukweli

Dhana yenye hasara kubwa kuliko zote ni kwamba /dev/sda, jina ambalo Linux huipa diski, ndiyo diski ya kwanza, na itabaki sda siku zote. Si kweli. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hugawa herufi hizo kwa kufuata diski iliyotangulia kuonekana kompyuta inapowaka, na vifaa hutafutwa kwa pamoja, si kwa foleni. Diski ikichelewa kidogo kuitika, au flashi ikisahauliwa kwenye tundu la USB, sda ya jana huweza kuwa sdb ya leo. Sasa fikiria skripti inayoendesha mkfs, amri ya kufomati, kwenye /dev/sdb kila wiki ili kuandaa diski ya nakala rudufu. Haitauliza chochote. Inaweza kufomati diski yoyote itakayoikuta na jina hilo, hata kama ndiyo yenye kazi za watu za miaka mingi.

Hata herufi za mwanzo hazina uhakika. Diski za IDE, aina ya zamani, ziliitwa hda na hdb, kisha madereva mapya ya kerneli yaitwayo libata yalipoanza kuzisimamia zikageuka sda na sdb, na mipangilio iliyotaja majina ya zamani ikakwama.

Ukweli ni kwamba dawa ipo. Programu ya udev, inayosimamia majina ya vifaa, iliyotoka mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya mfumo wa awali wa devfs, hupanga njia za kudumu ndani ya /dev/disk. Ukitaka diski yenyewe, tumia by-id, yenye modeli na namba yake ya kiwandani. Ukitaka tundu, bila kujali diski iliyochomekwa, tumia by-path. Ukitaka data iliyomo, tumia by-uuid (UUID ni namba ndefu ya utambulisho) au by-label (jina ulilolipa wewe). Timu inayokubaliana mapema ipi itumike wapi hujiokoa na usiku mwingi wa mahangaiko. Kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa kompyuta inapowaka, mimi naona UUID iwe kanuni.

Lakini wapo wanaoamini kwamba UUID haiwezi kujirudia. Inaweza, kwa sababu huandikwa ndani ya mfumo wa faili. Ukinakili diski nzima kwa amri ya dd, UUID nayo inanakiliwa, na sasa diski mbili zinadai utambulisho mmoja. XFS, mmojawapo wa mifumo ya faili, hukataa kuiunganisha ya pili wakati ya kwanza bado inatumika, na kukataa huko ni ulinzi. Ukifomati upya, UUID inabadilika.

Kwenye mtandao, wengi hudhani majina ya kadi za mtandao kama enp3s0 yaliletwa kuwasumbua waliozoea eth0. Hapana: kwenye seva yenye kadi mbili, eth0 na eth1 ziliweza kubadilishana nafasi baada ya kuwasha upya, na kanuni za ulinzi za upande wa intaneti zikaangukia upande wa ndani. Ni hatari kubwa mno kuiita usumbufu. Systemd 197, toleo la Januari 2013 la programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux, ilileta majina yanayofuata mahali kadi ilipo: en ni Etheneti, p3 ni basi la PCI (njia inayounganisha kadi na kompyuta) namba 3, s0 ni nafasi yake kwenye basi hilo.

Hata hivyo, kutabirika si kutobadilika. Ukiongeza kadi nyingine ya PCI, namba za mabasi zinaweza kusogea, na enp3s0 ikawa enp4s0. Penye umuhimu, andika faili la .link, la mipangilio ya systemd, linalotambua kadi kwa anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi) na kuipa jina la kazi yake, kama nje0 au ndani0, lisilozidi herufi 15. Usichague eth0: kerneli yenyewe hugawa majina hayo, na mtagongana.

FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji usio Linux, huita kadi kwa jina la dereva, em0 au igb0, hivyo kubadilisha aina ya kadi kunaweza kubadilisha jina.

Na kabla ya amri yoyote inayofuta, endesha lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,UUID, ulinganishe namba ya kiwandani na ile iliyobandikwa kwenye diski.