Kitanzi kwenye swichi, na kwa nini STP isizimwe

Malalamiko ninayopelekewa mara nyingi na wakuu wa ofisi ni kwamba mtandao umekufa ghafla, wote kwa pamoja, ilhali taa za swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa nyaya) zinawaka na mtoa huduma wa intaneti anaapa kwamba upande wake ni mzima. Kwa kawaida mtoa huduma huwa anasema kweli. Ukifungua kabati utakuta taa za poti (matundu ya nyaya) karibu zote zinapepesa kwa kasi ileile bila kupumzika, hata zile za vyumba ambavyo wenyewe wamekwenda kula chakula cha mchana. Hiyo ni dalili ya kitanzi, yaani njia mbili au zaidi zinazounganisha vifaa vilevile bila chochote kuizuia mojawapo. Swichi inayosimamika, yaani inayoweza kupangiwa mipangilio, ina uwezo wa kukidhibiti kitanzi yenyewe kwa utaratibu uitwao STP, isipokuwa pale ambapo mtu ameinyang'anya uwezo huo.

Mhusika mkuu, katika ofisi nyingi ninazozihudumia, ni simu ya mezani ya IP, yaani inayopitia mtandao wa kompyuta. Simu hii ina poti mbili kwa nyuma: moja ni ya waya unaotoka ukutani, nyingine ni ya waya unaokwenda kwenye kompyuta, ili meza nzima itumie tundu moja tu. Meza inapohamishwa, mtu huona waya unaning'inia, akautafutia pa kuuchomeka, na tundu lililo karibu ni lile la pili la ukutani. Simu sasa imeungwa ukutani mara mbili, na kwa kuwa ndani yake mna swichi ndogo, kitanzi kimekamilika bila mtu kugusa chumba cha seva.

Ili kuelewa kwa nini waya mmoja unaweza kuangusha jengo zima, ni lazima kujua jinsi swichi inavyoamua. Kila fremu (kifurushi cha data) inapoingia, swichi husoma anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya mtumaji na kuiandika kwenye jedwali lake pamoja na namba ya poti, kisha hutafuta anwani ya mpokeaji kwenye jedwali hilohilo ili ijue pa kuipeleka. Fremu ya tangazo, kama ile ambayo kompyuta hutuma kuuliza ni nani mwenye anwani fulani ya IP, hutolewa kupitia poti zote isipokuwa ile iliyoingilia. Pakiti ya IP ina hesabu ya TTL inayopungua kila inapovuka ruta, mpaka hatimaye itupwe, lakini fremu ya Ethernet haina hesabu ya namna hiyo. Kwa hiyo tangazo lililoingia kwenye kitanzi huzunguka bila kikomo, na kila linapopita nakala zake humwagwa kwenye poti nyingine zote. Wakati huohuo anwani moja huonekana ikitokea poti mbili tofauti kwa zamu, jedwali halitulii, na kompyuta zenyewe huwa nzito kwa sababu zinalazimika kulifungua kila tangazo.

Dawa yake ni ya miaka mingi. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa kampuni ya DEC, alibuni utaratibu ambao swichi huutumia kupeana taarifa, kuchagua mmoja wao awe mzizi (swichi ambayo njia zote hupangwa kuielekea), na kufunga njia za ziada mpaka zitakapohitajika. IEEE, taasisi ya wahandisi inayoweka viwango, iliuingiza katika kiwango cha 802.1D mwaka 1990, nao ndio tunaouita STP. Toleo lake la haraka, RSTP, lilifuata mwaka 2001.

Kwa nini basi watu huuzima? Sababu ninayoambiwa ni ileile kila mahali, na si ya kipuuzi. Katika STP ya zamani, poti inapopata uhai hukaa sekunde 15 ikisikiliza na nyingine 15 ikijifunza kabla ya kupitisha data, na katika hizo sekunde 30 kompyuta inaweza kukata tamaa ya kupata anwani kutoka kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za IP. Fundi huona tatizo, huzima STP, kompyuta hupata anwani papo hapo, naye huondoka akishukuriwa. Alichopaswa kufanya ni kuitangaza poti hiyo kuwa ya pembezoni, mpangilio ambao Cisco huuita PortFast, ili ipitishe data mara moja. Poti hiyohiyo ingewekewa pia BPDU Guard, ambayo huifunga mara inapopokea ujumbe wa STP, kwa kuwa kompyuta ya kawaida haina sababu ya kutuma ujumbe huo. Simu ile ikichomekwa ukutani mara mbili, swichi huuona ujumbe wake yenyewe ukirudi, na tatizo huishia kwenye meza moja.

Zipo swichi ndogo za bei nafuu zinazofichwa chini ya meza ambazo hazipitishi ujumbe wa STP, hivyo kitanzi kilicho nyuma yake hakionekani kwa njia hii. Kwa sababu hiyo mimi huweka pia kikomo cha matangazo kwa kila poti ya mtumiaji. Kusema kweli, ningependa zaidi kuziondoa swichi hizo, lakini ofisi zenye tundu moja la ukutani kwa watu wanne hazinipi nafasi hiyo.

Jambo jingine ambalo halipaswi kuachwa kwa bahati ni uchaguzi wa mzizi. Swichi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kipaumbele cha 32768, na zinapolingana hushinda yenye anwani ndogo ya MAC, ambayo mara nyingi ni ile kuukuu kuliko zote. Ndivyo swichi iliyosahaulika chini ya ngazi, yenye poti za Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde), inavyokuwa mzizi, na mawasiliano kati ya ghorofa yakalazimika kupitia kwake huku nyaya za gigabiti zikiwa zimefungwa. Swichi kuu naipa kipaumbele 4096 na ya akiba 8192. Pale ambapo kila VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa ndani ya swichi zilezile) ina mti wake wa njia za STP, hilo hurudiwa kwa kila VLAN.

Dhoruba ya matangazo ikiwa imekwisha kuanza, usitegemee kuingia kwenye swichi kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao. Chukua waya wa konsoli, unaounganisha kompyuta yako moja kwa moja na swichi, uweke kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kisha utafute kwenye kumbukumbu za swichi ujumbe unaosema kwamba anwani fulani ya MAC inarukaruka kati ya poti mbili, kwa sababu ujumbe huo unataja poti zinazohusika. Zizime hizo kwanza. Ikiwa swichi imelemewa kiasi cha kutojibu, chomoa nyaya zinazokwenda ghorofa nyingine mmoja baada ya mwingine huku ukitazama taa, na pale zitakapotulia umepata upande wa kufuatilia.

Si kila mtandao mzito una kitanzi. Ikiwa ni mtumiaji mmoja tu anayelalamika, soma vihesabio vya poti yake. Makosa ya CRC (fremu zilizofika zikiwa zimeharibika) yanayoongezeka upande mmoja na migongano ya kuchelewa upande wa pili huonyesha kwamba kifaa kimoja kimelazimishwa kuwa dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) na kingine kimeachwa kijipange chenyewe, kikaangukia nusu dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu). Viachwe vyote viwili vijipange. Poti ya gigabiti iliyokwama kwenye Mbps 100 hunipeleka moja kwa moja kwenye kichwa cha waya, kwa kuwa gigabiti hutumia jozi zote nne na Mbps 100 huridhika na pini 1, 2, 3 na 6.

Baada ya marekebisho yote, hifadhi usanidi. Kwenye vifaa vya Cisco mabadiliko hukaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uandike copy running-config startup-config, na katika miji yetu, umeme ukikatika na UPS ikachoka kabla ya jenereta kuwaka, swichi itaamka na mipangilio ya zamani, STP ikiwa imezimwa vilevile. Nakala ya pili naiweka nje ya swichi yenyewe, pamoja na orodha ya poti na vyumba vyake, ili siku swichi itakapoungua kwa umeme uliorudi kwa nguvu, fundi aliye zamu aweze kupakia usanidi kwenye nyingine ya aina hiyohiyo na kurudisha kila waya mahali pake.