Yai la Bukini: namna wanyama wakubwa wa Madagaska walivyokwisha

Kwenye meza ya chumba chetu cha elimu pana mayai matatu. La kuku, la mbuni, na la tatu ni la plasta, limefinyangwa kwa kipimo cha yai halisi la ndege-tembo wa Madagaska. Watoto wa shule wakiingia hawana habari na yale mawili. Wanalifuata lile la tatu na kulikumbatia, maana mkono mmoja hauliwezi. Urefu wake ni sentimita 30 hivi. Ndani yake zingeingia lita 8 hata zaidi, kiasi cha mayai ya kuku 150: trei tano kamili ndani ya kaka moja.

Halafu huja swali ambalo halikosekani: "Ndege mwenyewe yuko wapi?" Pale mezani, na darasa jingine linasubiri mlangoni, sipati muda wa kulijibu inavyostahili. Naomba nilijibu hapa.

Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliiita Buki au Bukini, imetengwa na Msumbiji kwa maji ya kilomita 400 hivi pale yalipo membamba zaidi. Kwa jahazi si mbali. Kwa mnyama wa miguu ni mbali mno. Simba hakuvuka, tembo hakuvuka, twiga hakuvuka. Kiboko alifika, na huko akadumaa akawa kibeti. Kwa hiyo kazi wanazozifanya wanyama wakubwa huku bara, za kula majani kwa wingi, kupasua vichaka na kubeba mbegu tumboni, kule zilishikwa na viumbe wengine kabisa. Ndege-tembo, asiyeweza kuruka, alisimama kimo cha mita 3, na aina yake kubwa zaidi ilipita nusu tani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai ni kiwi wa New Zealand, ndege wa ukubwa wa kuku.

Walikuwapo pia lemuri, jamaa wa komba wetu, lakini wa vimo visivyosadikika. Archaeoindris alikuwa na mwili kama wa sokwe mkubwa. Palaeopropithecus aliishi akining'inia matawini kichwa chini. Aina zisizopungua 17 za lemuri wakubwa zimetoweka. Mkubwa kuliko wote waliobaki, indri, hafiki kilo 10. Kati ya waliokwisha walikuwamo pia kobe wakubwa wa aina mbili. Anayetaka kujua walikuwaje na avuke kwenda kisiwa cha Changuu, mkabala na mji wa Unguja, akawaangalie kobe ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Asili yao ni Aldabra, na wale wa Madagaska walikuwa jamaa zao wa karibu. Ukimkuna shingoni, kobe wa Changuu hujiinua na kunyoosha shingo kwa raha. Aldabra ni kisiwa cha mawe makali na maji haba, watu hawakukihamia, na kobe wakasalimika.

Sasa, nani aliwamaliza wa Bukini? Watuhumiwa ni wawili, hali ya hewa na binadamu, na ubishi kati ya wanasayansi una miaka mingi. Ulipamba moto tangu miaka ya 1960, pale Mmarekani Paul Martin alipodai kwamba wawindaji ndio waliofagia wanyama wakubwa wa Amerika. Waliompinga walikuwa na hoja. Huko Amerika wanyama hao walikwisha wakati uleule enzi ya barafu ilipokuwa ikimalizika, misitu na nyika zikibadilishana mahali. Mambo mawili yakitokea kwa pamoja, utajuaje lipi lililoua?

Ndiyo maana mimi huvitazama visiwa. Mamothi wa bara, jamaa wa tembo wenye manyoya marefu, walikwisha joto lilipopanda, lakini wale waliobaki kwenye kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Urusi, kisichokuwa na watu, waliishi hadi miaka 4,000 hivi iliyopita. Mapiramidi ya Giza yalikuwa yameshajengwa. Slothi wakubwa wa ardhini, wanyama wala majani wenye kucha ndefu, walikwisha kwenye bara la Amerika, lakini huko Kuba waliendelea kwa maelfu ya miaka, wakatoweka baada ya watu kufika. New Zealand ilikuwa na moa, ndege wasioruka, wa aina 9, wengine wakipita kilo 200. Wamaori walifika katika karne ya 13, na haikupita miaka 200 moa wote wakawa wamekwisha. Hapo hapakuwa na barafu iliyoyeyuka wala ukame wa kusingiziwa. Kama kosa lingekuwa la hewa peke yake, visiwa hivi vingepoteza wanyama wake pamoja na mabara ya jirani. Badala yake, kila kimoja kina tarehe yake.

Turudi Bukini, ambako ushahidi umehifadhiwa mahali asipotarajia mtu: kwenye matope ya ziwa. Kuna kuvu aitwaye Sporormiella anayeota juu ya kinyesi cha wanyama wala majani. Vijimbegu vyake hupeperuka, hutua ziwani na kuzama, na matope huvifunika mwaka baada ya mwaka. Ukichimba mche wa matope hayo na kuuchunguza tabaka kwa tabaka chini ya hadubini, unahesabu kinyesi cha karne zilizopita bila kumwona mnyama hata mmoja. Huko Madagaska vijimbegu hivyo vilikuwa tele, kisha miaka 1,700 hivi iliyopita vikapungua ghafla. Baada ya hapo masizi ya moto yanaongezeka kwenye matope. Halafu, takriban miaka 1,000 iliyopita, kuvu anarudi kwa wingi. Ila kinyesi alichoota juu yake safari hii kilikuwa cha ng'ombe.

Ng'ombe hao walitoka huku. Lugha ya Kimalagasi ilizaliwa mbali, kisiwani Borneo, ikaja na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi yote. Lakini sikiliza majina ya mifugo yao: ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa, punda ni ampondra, hata kanga ni akanga. Wataalamu wa lugha wanayahesabu kuwa ya Kibantu, na mengine ni Kiswahili kitupu. Watu wa upande huu walivuka na mifugo yao, wakaoana na waliokuja kutoka mashariki, na Wamalagasi wa leo ni uzao wa wote wawili. Nalisema hili makusudi, kwa sababu wageni wetu wengi hudhani habari ya kutoweka kwa wanyama ni habari ya Wazungu na bunduki. Wakati ndege-tembo wa mwisho wanakufa, hapakuwa na bunduki kisiwani.

Palikuwa na visu na moto. Mifupa kadhaa ya viboko na lemuri ina alama za kuchinjwa. Ukiiweka chini ya lenzi, jino la mnyama huacha mfereji wa mviringo kama wa kijiko. Kisu huacha mfereji mwembamba wenye ncha chini, na michirizi laini ikienda sambamba ndani yake, mara nyingi palepale kwenye kiungo, mahali ambapo mchinjaji yeyote wa leo angeelekeza kisu chake. Baadhi ya mifupa ya ndege-tembo yenye alama za namna hiyo imepimwa ikaonekana kuwa na zaidi ya miaka 10,000. Wengine wanazikataa alama hizo. Mimi naona hata zikikubaliwa haziondoi hoja: watu wachache wanaowinda na kupita wanaweza kuishi na wanyama hao kwa muda mrefu. Mambo hubadilika watu wanapokaa, wanapofuga na wanapochoma nyika ili majani mabichi yaote kwa ajili ya ng'ombe. Kwenye pango la Anjohibe, kaskazini-magharibi, mawe yaliyojengwa na matone ya maji yanaonyesha kwamba karibu mwaka 900 misitu iligeuka kuwa nyika kwa muda mfupi, na mvua haikuwa imepungua. Ukame ulikuwapo zamani, tena mkali, na wanyama hawa walikuwa wameshavuka ukame wa namna hiyo kwa maelfu ya miaka.

Watu hukwama kwenye picha ya vita: wawindaji wengi, mikuki, mizoga imetapakaa. Haihitajiki vita. Mnyama mkubwa huzaa polepole. Tembo hubeba mimba miezi 22. Moa, kwa kadiri mifupa yao inavyosomeka, walichukua miaka mingi kukomaa. Chukua mfano wa hesabu tu: kundi la ndege 1,000 ambalo kwa kawaida huongezeka kwa 2 katika kila 100 kwa mwaka. Wanakijiji wakichukua 3 katika kila 100, ndege na mayai pamoja, kundi linapungua kwa 1 tu katika 100. Hakuna atakayeliona hilo kwa macho. Baada ya miaka 70 limebaki nusu, baada ya miaka 210 wamebaki 125 au pungufu. Babu atasema zamani walikuwa wengi, na vijana watadhani ni maneno ya wazee. Yai moja lilitosha kitoweo cha ukoo mzima, na kuliokota hakukuhitaji mkuki. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hichohicho humalizwa kwa haba na haba.

Huulizwa pia kwa nini sisi wa Afrika bado tuna tembo, faru na twiga. Jibu linaloniridhisha ni kwamba wanyama wetu walikua pamoja na sisi. Kule Olduvai binadamu wa kale wamekuwa wakigonga mawe na kupasua mifupa kwa karibu miaka milioni 2, na mnyama asiyemwogopa kiumbe wa miguu miwili hakuacha uzao. Hata hivyo nasi tulipoteza: Pelorovis, jamaa wa ng'ombe na nyati mwenye pembe ndefu mno, amebaki mifupa ya Olduvai. Ila ndege-tembo hakuwahi kuona mtu, na hakuwa na sababu ya kukimbia.

Mwaka 1658 Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa Wafaransa kusini mwa Madagaska, aliandika habari za ndege mkubwa aliyeitwa vorompatra, atagaye mayai kama ya mbuni, na kwamba ili watu wasimkamate hutafuta mahali palipo pakiwa kabisa. Hakudai kumwona. Huenda aliandika kumbukumbu za wenyeji tu, lakini maneno hayo ya mwisho hunigusa kila nikiyasoma. Mwaka 2018 kobe wa Aldabra walipelekwa Anjajavy, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, kwenda kuishika kazi ya ndugu zao waliokwisha. Ndege-tembo hana ndugu wa kumrithi.

Kule kusini, kwenye fukwe za Faux Cap, vipande vya kaka la yai bado vimetapakaa mchangani, vinene kama vigae. Na kwenye vichaka vya Madagaska kuna mimea yenye vitawi vyembamba na vigumu kama waya, vinavyopinda huku na huku, na majani madogo yamefichwa katikati. Mbuzi na ng'ombe huikata kwa meno yao bila shida. Ndege asiye na meno, anayelazimika kubana na kuvuta, ndiye angepata tabu nayo: kitawi kingenyooka, kisha kikamponyoka mdomoni. Mimea hiyo bado inaota vilevile, imejikunja dhidi ya mdomo ambao haujaigusa kwa karibu miaka 1,000.