Je, wajua kwa nini kilomita 186 za Malta hadi Catania huchukua dakika 45 kwa ndege?

Kati ya uwanja wa ndege wa Malta, ulioko Luqa, na ule wa Catania kisiwani Sicily kuna kilomita 186 tu, nyingi zikiwa bahari. Ndege ya abiria ikienda kilomita 800 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 14. Lakini ratiba za safari hiyo huandika dakika 45 hadi 50. Hizo nyingine zinakwenda wapi?

Tuanze na umbali, maana unaweza kuupata mwenyewe kwa ramani na kalamu. Luqa iko nyuzi 35 na dakika 51 kaskazini mwa ikweta, Catania nyuzi 37 na dakika 28. Tofauti ni dakika 97 za latitudo, na kila dakika ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Basi ni maili 97 kwenda kaskazini. Catania pia imesogea mashariki kwa maili kama 28, na kwa kanuni ya Pythagoras unapata maili 101. Inapendeza kuona kipimo cha mabaharia bado kinatumika angani.

Ufupi huo wa umbali ndio jibu lenyewe. Ili ndege ishuke bila kuwasumbua abiria, rubani hukadiria maili 3 za mwendo kwa kila futi 1,000 za kushuka. Kutoka futi 35,000, ambako ndege hukimbia kwa raha, angehitaji maili 105 za kushuka tu. Safari nzima ni maili 101! Kwa hiyo ndege hii haifiki huko juu. Inapanda, inatulia kidogo, kisha inaanza kushuka. Na chini ya futi 10,000 mwendo kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi noti 250 (noti ni maili ya baharini kwa saa), yaani kilomita 463 kwa saa. Sehemu kubwa ya safari inaliwa na mwendo huo.

Halafu ndege hairuki kwa mstari wa rula. Malta hupata sana upepo wa kaskazini-magharibi, ambao wenyeji huuita majjistral, na ndege hupaa ikiukabili, kisha ndipo igeuke kuelekea Sicily. Kule Catania njia ya kutua imelala mashariki-magharibi ilhali ndege inatoka kusini, hivyo lazima izunguke kujipanga. Hata hivyo, angani inakaa kama nusu saa tu. Dakika zilizobaki ni za ardhini, kwani saa ya ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuishia inapoegeshwa upande wa pili.

Kuna jambo moja ambalo ratiba haiwezi kulipangia muda: mlima wa volkano wa Etna, uliosimama kaskazini mwa Catania. Ukitema majivu, uwanja hufungwa, kama ilivyotokea Agosti 2023 na Julai 2024, kwa sababu majivu yakiingia kwenye injini huyeyuka kwa joto, kisha huganda kwenye mapanga yake na kuizima. Siku kama hizo ndege huweza kupelekwa Palermo, na abiria akamalizia kwa basi zaidi ya kilomita 200 za barabara, nyingi kuliko zile za kuruka moja kwa moja kutoka Malta hadi Catania.