Siku tatu za kughairi hazihusu mkataba wa dalali wa nyumba

Wauzaji wengi wa nyumba Marekani huamini kwamba wakishasaini mkataba na dalali, sheria inawapa siku tatu za kubadili mawazo. Sheria za shirikisho hazitoi haki hiyo.

Siku tatu zipo, ila ni za mambo mengine. Kanuni moja ya Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) humlinda mteja aliyefuatwa na muuzaji hadi nyumbani, lakini imeacha nje mauzo ya nyumba na ardhi. Sheria ya mikopo ya 1968 nayo huruhusu kughairi baadhi ya mikopo inayoweka rehani nyumba unayoishi.

Je, umefungwa basi? Hapana. Dalali ni wakala wako, na kwa kawaida unaweza kumwondoa. Ila kumwondoa kabla ya muda kwisha si sawa na kutodaiwa: anaweza kudai gharama za matangazo, hata kamisheni. Mikataba mingi ina kipengele kinachomlinda hata baada ya kuachana, ukimuuzia mtu aliyemleta yeye. Kipengele hicho kisomeni kwa makini sana, maana ndicho huwaumiza watu.

Ombi la kusitisha liandikwe na lipelekwe kwa kampuni ya udalali, kwani mara nyingi mkataba ni wake, si wa dalali mmoja. Wakikubali, dai barua inayosema hudaiwi chochote. Na kama hujasaini bado, omba masharti ya kujitoa yaandikwe humo humo.